Je, Uchovu wa Mtumishi wa Umma ni Udhuru?

Katika darasa letu la usiku liliulizwa swali ambalo mwanzo tulilidhania kuwa dogo, kisha kila tulipolipindua tukaliona kubwa. Muulizaji alisema: "Muuguzi wa zahanati ya serikali, au karani wa ofisi ya chifu, au mwalimu wa skuli ya umma, akimtolea mtu maneno makali, au akamrudisha bila ya haja yake kutimizwa, na sababu ya hayo ikawa ni kwamba amechoka na kuchakaa kwa kazi, je, ana lawama au ana udhuru? Na ikiwa ana udhuru, ile haki ya mtu aliyeonewa itadaiwa kwa nani?" Muulizaji hakuuliza kwa kutaka ubishi. Alikuwa pamoja nasi Nairobi, na yaliyotokea huko aliyaona kwa macho yake. Basi twataka tuyaeleze kwanza, kisha tujibu kadiri ya ujuzi wetu.

Tulikuwa tumekwenda kumzuru shangazi yetu anayekaa Kawangware kwa mwanawe. Mama huyu ni mtu mzima sana, ana maradhi ya sukari na ya presha, na dawa zake huzichukua katika zahanati ya serikali, kwani bei ya dukani haiwezi. Asubuhi moja tulimpeleka sisi. Tulifika mapema, lakini mapema yetu ilikuwa ni kuchelewa kwa wenziwetu, kwani mabenchi yalikuwa yamekwisha kujaa na watu wamesimama hata nje ya mlango. Muuguzi alikuwa mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa akipima presha, yeye akiandika katika daftari, yeye akiitwa chumba cha pili kumtazama mtoto mwenye homa, na mashine ya kuandikishia wagonjwa ilipokwama, yeye ndiye aliyezomewa. Ilipokaribia saa sita shangazi yetu alijikokota mpaka mezani, akauliza kama zamu yake i karibu. Muuguzi hakuinua uso. Alisema: "Wewe nyanya, nimekwambia mara ngapi ukae? Kama huwezi kungoja, nenda kwa daktari wa pesa."

Watu wote wakanyamaza. Kijana wetu tuliyekuwa naye akapandwa na hasira, akamjibu kwa maneno ambayo hatutayaandika hapa, akatoa simu yake akaanza kumpiga picha. Muuguzi akaweka kalamu chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Shangazi yetu alirudi nyumbani bila ya dawa, na wale waliokuwa nyuma yake wakangoja saa nzima kwa sababu yetu.

Siku ile ile baada ya alasiri tulialikwa Kibera, mtaa wa Makina, kwa mzee mmoja wa Kinubi ambaye ni rafiki yetu wa zamani. Tukakaa barazani tukamsimulia kisa, tukitaraji kuwa atatuunga mkono. Binti yake alikuwa akituletea chai, naye ni muuguzi wa serikali, si katika zahanati ile bali katika nyingine. Akaweka sinia, akasema kwa adabu: "Maalim, niwie radhi nikisema mbele ya baba. Huyo dada simjui, na neno lake si zuri. Lakini na mimi nimepata kulisema." Tukamwambia aendelee. Akasema: "Nilipoanza kazi nilikuwa nikijua majina ya watoto niliowazalisha mama zao. Sasa mtu akiingia naona kadi, sioni uso. Tulikuwa wanne. Mmoja akahamishwa, mmoja akaenda likizo ya uzazi, na hakuletwa mtu. Dawa zikiisha si mimi niliyezimaliza, lakini mimi ndiye ninayekaa mbele ya watu, basi matusi ni yangu. Mkubwa akija huuliza ripoti, haulizi hali ya mtu. Nikirudi nyumbani, mwanangu akiniita mara mbili nampigia kelele. Hapo ndipo nilipojua kuwa nimeharibika."

Akachukua sinia akaingia ndani. Babake alitazama chini kwa muda, kisha akasema: "Serikali haikuanza leo kumsahau mtumishi wake."

Mzee huyu alikuwa na haki ya kusema. Mababu zake walikuwa askari wa jeshi la Waingereza, lile lililoitwa King's African Rifles, asili yao ni Sudani. Mwanzoni mwa karne ya ishirini walikalishwa katika msitu huo, wakauita kwa lugha yao Kibra, yaani msitu, na mwaka 1918 ardhi hiyo ya zaidi ya ekari 4,000 ikatangazwa rasmi kuwa ni ya jeshi. Walitumikia vitani na wakarudi, lakini hawakupewa hati ya pale walipojenga nyumba zao na kuzika maiti wao. Hati ya jamii ya Wanubi ilitoka mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288. Mtu aliyelelewa juu ya ardhi hiyo ajua vyema maana ya kutumika bila ya kukumbukwa. Ajua pia kwamba uchungu huo haumalizikii kwa yule aliyesahauliwa, bali hurithiwa.

Sasa turudi kwenye swali. Tumesikia majibu mawili ya haraka, na yote mawili hatuyakubali.

Jibu la kwanza ni la wenye huruma. Wao husema: huyu amechoka, asilaumiwe. Lakini tukilikubali hilo, haki ya shangazi yetu imepotea bure. Yeye naye alikuwa amechoka, tena ni mgonjwa na ni mkongwe, wala hakumtukana mtu. Kama uchovu ungekuwa ni udhuru kamili, basi kila mwenye nguvu angemdhulumu mnyonge jioni kwa kuwa amefanya kazi asubuhi.

Jibu la pili ni la wenye ukali. Wao husema: yuapokea mshahara, na astahimili, kama hawezi, na aache kazi, wako wengi wanaoitaka. Jibu hili lina sura ya haki, lakini ndani yake mna kasoro. Lamchukulia mtu kama kwamba ni punda wa kukodi ambaye ukishamlipia malisho huna neno naye. Tena punda naye ana haki yake. Mwenye kumpakia zaidi ya nguvu zake ana dhambi.

Jibu letu twalitoa katika jambo ambalo wanafunzi wetu wamelisoma katika mlango wa hukumu, lakini wengi wamelipita bila ya kulizingatia. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alimkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili hali amekasirika. Wanavyuoni wakaipima hasira kwa mfano wake, wakasema kuwa kila kinachoushughulisha moyo na kuivuruga akili huingia katika hukumu hiyo: njaa kali, kiu, huzuni, usingizi, hata kubanwa na haja.

Angalieni vyema maana yake, ndugu zetu. Sharia haikusema: kadhi ni mcha Mungu, ataizuia hasira yake, basi aendelee. Iliijua nafsi ya mwanadamu ilivyo. Ikafanya hali ya moyo wa mwenye kuhukumu kuwa ni sharti katika kuifikisha haki ya mwenye kuhukumiwa. Kwa hivyo utulivu wa kadhi si starehe ya kadhi. Ni haki ya wenye kesi. Mwenye kumnyima kadhi usingizi hakumdhulumu kadhi peke yake, bali amewadhulumu wote watakaosimama mbele yake kesho.

Na kadhi si yule tu aliyevaa joho. Muuguzi mezani pake ahukumu siku nzima: nani aingizwe mbele, ni homa gani ya kungoja na ipi isiyongoja. Mwalimu ahukumu baina ya watoto: nani ni mvivu na nani ana njaa. Karani ahukumu: karatasi ya huyu ipite, ya yule irudi. Hukumu hizi ni nyingi kuliko za mahakama, na wanaohukumiwa ni wanyonge zaidi, kwani hawana wakili wala rufani. Ikiwa kadhi mwenye usingizi haifai ahukumu katika shamba la minazi mitatu, vipi iwe yafaa muuguzi aliyekesha na kuchakaa ahukumu katika uhai wa mtoto?

Katika hayo hutoka mambo mawili. La kwanza, kuwa uchovu si udhuru wa kudhulumu, kwani kadhi hakuambiwa: ukikasirika hukumu utakavyo, umesamehewa. Aliambiwa ajizuie. La pili, na hili ndilo linalosahauliwa, ni kuwa kadhi ana ruhusa ya kuinuka. Anayo nafasi ya kusema: "Leo siwezi, rudini kesho." Yule muuguzi wa Kawangware angeinuka, nani angekaa mahali pake? Aliyempa kazi ya kadhi akamnyima ruhusa ya kadhi, huyo ana fungu lake kubwa katika lile neno alilotukanwa shangazi yetu, ijapokuwa ulimi haukuwa wake.

Wako watakaodhani kuwa haya ni maneno ya msikitini tu. Basi na watazame walivyosema waliochunguza kwa vipimo. Huko London, kuanzia mwaka 1967, waganga waliwafuata kwa miaka mingi watumishi wa serikali ya Uingereza zaidi ya 17,000, wote wanaume. Mtu angedhani kuwa wakubwa wenye mizigo ya nchi vichwani ndio watakaokufa kwa moyo. Ikaonekana kinyume: matarishi na wenzao wa daraja ya chini walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wakubwa wa juu, na tofauti ya kuvuta sigara na ya presha haikutosha kueleza sababu. Mwaka 1985 ukaanza uchunguzi wa pili wa watu 10,308, wanaume na wanawake, chini ya daktari Michael Marmot. Hapo ikabainika kuwa moja katika sababu kubwa ni hii: mtu kutakiwa kazi nyingi hali hana neno katika namna ya kuifanya. Kinachomla mtu, basi, si wingi wa kazi peke yake. Ni kubebeshwa dhamana bila ya madaraka.

Na mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu lilikiandika katika orodha yake kile ambacho binti wa mzee wetu alikieleza kwa maneno yake. Lilisema kuwa uchakavu huu si ugonjwa wa mtu, bali ni jambo litokanalo na dhiki ya kazi iliyoendelea bila ya kutengenezwa, na kuwa una alama tatu: nguvu kwisha, moyo kuiepuka kazi na kuionea chuki, na mtu kujiona hafai tena. Itazameni ile alama ya pili. Ule ukavu wa moyo ambao sisi tuliuita tabia mbaya, wenye ujuzi wameuhesabu kuwa ni alama ya mahali pa kazi palipoharibika. Hatusemi kuwa hakuna watu wenye tabia mbaya, wako. Lakini mtu aliyekuwa akijua majina ya watoto, kisha akawa aona kadi wala haoni uso, huyo hakuzaliwa hivyo.

Tena tusidhani kwamba mambo haya hayana mlango katika kanuni za nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 232, yawataka watumishi wa umma wahudumie watu upesi, kwa uadilifu na bila ya upendeleo. Hiyo ndiyo haki ya shangazi yetu. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa insafu na hali njia za kazi. Hiyo ndiyo haki ya muuguzi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Vifungu viwili hivyo ni kama vitanga viwili vya mizani moja. Anayekidai kimoja na kukisahau cha pili hapimi, bali yuanyang'anya.

Lakini kanuni iliyoandikwa ni kitu kimoja, na mkono wa kuitimiza ni kitu kingine. Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure, lilikuwa jambo jema sana, na watoto wa maskini waliingia skuli kwa furaha. Skuli ya Olympic hapo Kibera ilifurika, na nyingi nyingine kama hiyo. Watoto waliongezeka kwa siku moja, walimu hawakuongezeka kwa siku moja. Basi wema wa serikali uliwekwa juu ya shingo za walimu, wala hawakuulizwa kama shingo zitahimili. Na Septemba 2023 walitolewa wahudumu wa afya wa mitaani zaidi ya 100,000 katika nchi nzima, wengi wao wanawake, kila mmoja apewe nyumba zipatazo mia za kuzitembelea, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu itoke serikali kuu na nusu itoke kaunti. Katika vichochoro vya Kibera na Kawangware hao ndio wabishao mlango wa mgonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Shilingi hizo 5,000 hazilipi kodi ya chumba na chakula, na zikichelewa, mama huyo bado apasiwa kutabasamu mlangoni pa watu.

Na dhiki ikizidi kipimo huvunja mlango. Mwaka 2016, tarehe 5 Desemba, madaktari wa serikali waligoma, wakakaa siku 100. Mwaka 2017 wauguzi nao wakagoma kwa muda wa miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari wakagoma tena siku 56. Mwenye mali aliingia hospitali ya kulipia, wala hakuhisi sana. Aliyehisi ni mtu wa Kibera na wa Kawangware. Kwa hiyo asiseme mtu kuwa utulivu wa watumishi ni jambo lao wenyewe. Wao wakivunjika, anayeanguka ni maskini.

Hapa huenda mtu mzima mmoja akatwambia: "Sisi tulibeba magunia bandarini, jua likituwakia, na hatukuwa na mambo haya ya nafsi. Tulisubiri." Twamheshimu mzee wetu, lakini twamkumbusha. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli na wa majumbani, waliweka kazi chini kwa siku karibu kumi na mbili kwa sababu ya ujira na makao. Hawakusubiri tu, walisema. Tena hamali wa zamani alikuwa na kitu ambacho muuguzi wa leo hana: alibeba pamoja na wenziwe, na akilemewa mkono wa pili ulikuwa karibu. Mzigo wa watu wanane hauvunji mgongo kama mzigo wa mtu mmoja aliyefungiwa chumbani na watu mia nje.

Ama subira, ni tabia tukufu, lakini mahali pake pajulikane. Subira mtu huitaka katika nafsi yake mwenyewe. Mkubwa anayemnyima mdogo wake msaada kisha akamsomea fadhila za subira, huyo hakufundisha dini. Ameitumia dini kufunika uvivu wake. Mfano wa mwajiri mwema tumeoneshwa katika kisa cha Nabii Musa na yule mzee wa Madyan. Mzee aliambiwa na bintiye kuwa ajiri bora ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sharti hizo mbili twazipenda sana na twazitaja kila siku. Lakini yeye mzee naye alijifunga kwa sharti lake, akamwambia Musa kuwa hataki kumtaabisha. Mbona hilo hatulitaji?

Basi jibu letu ni kuwa lawama hugawanyika mafungu matatu, wala hakuna fungu linaloliondoa jingine.

Fungu la kwanza ni la mtumishi mwenyewe. Ulimi ni wake, na dhiki haikumlazimisha kumvunjia heshima mkongwe. Akikosa, na aombe radhi. Akijiona amefika ukingoni, na aseme mapema kwa mkubwa wake, wala asingoje mpaka aseme na mgonjwa.

Fungu la pili ni la mkubwa na la wenye mamlaka, nalo ndilo zito zaidi, kwani ndio wenye kuweza kubadilisha. Tangu mwaka 2013 zahanati zi katika mikono ya kaunti, na walimu wa skuli za umma wa katika mikono ya tume yao ya TSC, lakini haifai kila mmoja kumsukumia mwenziwe. Wanayotakiwa si mambo ya miujiza. Anayekwenda likizo na awekewe mtu. Zamu na uhamisho viwe kwa utaratibu unaojulikana, si kwa mapenzi ya mtu. Mshahara na posho zitoke kwa wakati wake. Kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa, wafanyakazi na wakae robo saa na mkubwa wao, wasemezane kazi ya leo itagawanywa vipi, na neno la mdogo lisikizwe, kwani hiyo ndiyo shura, na hayo ndiyo madaraka ambayo matarishi wa London waliyakosa. Ziwekwe njia mbili za mashtaka: ya mgonjwa aliyeonewa, na ya mtumishi aliyetukanwa au kusumbuliwa na mkubwa wake. Dawa zikiisha, mkubwa ndiye atoke awaambie watu, wala asimwache mdogo awe ngao. Na kuwe na chumba cha nyuma chenye kiti, maji na mlango, ili aliyepandwa na hasira apate kuinuka kama kadhi, japo kwa dakika kumi, na mwenziwe akae.

Fungu la tatu ni letu sisi tunaohudumiwa, na hapa twaanza na nafsi zetu. Kijana wetu alidhani kuwa anamtetea shangazi yake, naye aliongeza mzigo juu ya mgongo uliokwisha kupinda. Sisi tulikuwa karibu naye, wala hatukumzuia kwa wakati. Wangapi katika sisi huingia ofisini bila ya salamu, hutaka kupitishwa mbele kwa kujuana, au huweka noti ndani ya karatasi, kisha jioni barazani tukalaumu kuwa serikali imeoza? Kila zahanati ina kamati yake, na ndani yake mna nafasi ya watu wa mtaa. Twakwenda kwenye vikao hivyo, au twangoja mpaka siku ya kuugua?

Tena tusiwe hodari wa kuona kibanzi katika ofisi za serikali hali boriti iko kwetu. Mwalimu wa madrasa hufundisha watoto sitini katika chumba kimoja, na ada yake hukusanywa tunapokumbuka. Muadhini huamka kabla yetu sote, na akichelewa siku moja maneno huwa mengi. Nani katika sisi aliyemuuliza mmoja wao: "Hali yako ni vipi, na nini katika kazi hii kinachokuelemea?" Ikiwa hatujawauliza wetu, ulimi wetu utakuwa mzito kuwauliza wengine.

Asubuhi ya pili tulirudi zahanati pamoja na shangazi yetu na kijana. Tulikuwa tumemwamrisha afute zile picha, naye alifuta mbele yetu. Alitangulia mezani, akatoa salamu, akaomba radhi. Muuguzi alimtazama kwa muda, kisha akainuka akamshika shangazi yetu mkono, akamwambia: "Nyanya, nisamehe. Jana sikuwa mimi." Shangazi yetu akamjibu: "Nimekusamehe, mwanangu. Umekula lakini?" Hakuwa amekula. Dawa zilipatikana, tukatoka.

Lakini tulipotoka tulipita katika foleni ile ile, na muuguzi alikuwa bado mmoja. Msamaha wa shangazi yetu ulilitengeneza la jana. La kesho halitatengenezwa na msamaha. Litatengenezwa na mtu wa pili katika meza ile, na jukumu la kumleta liko juu ya shingo za watu wanaojulikana, na kazi ya kuwakumbusha iko juu yetu.

Wa billahi taufiki.